Meli za makaa chini ya Stuka

Jioni ya Agosti 7, 1940, zaidi ya meli 20 za mizigo ziling'oa nanga kwenye lango la mto Thames, nyingi zikiwa ndogo na zimesheheni makaa ya mawe. Jeshi la majini liliuita msafara huo CW 9. Marubani waliujua kwa jina la Peewit.

Kusini mwa Uingereza kulihitaji takriban tani 40,000 za makaa kila wiki, na reli hazikuumudu mzigo huo. Ilibidi meli zipite Mlango-Bahari wa Uingereza, ilhali ng'ambo yake, Ufaransa, ilikwishatekwa na Wajerumani. Pale Dover, pwani hizo mbili zimeachana kilomita 33 tu.

Rada ya Wajerumani huko Wissant iliuona msafara. Usiku boti zao za torpido zikazamisha meli tatu. Asubuhi zikaja Stuka, ndege za Wajerumani zilizoporomoka karibu wima na kuachia bomu dakika ya mwisho. Meli yenye mwendo wa kujikokota haikuwa na pa kukwepea. Siku hiyo walishambulia mara tatu karibu na kisiwa cha Wight, na ni meli nne tu zilizofika Swanage bila kuguswa.

Ndege za kivita za Waingereza, Hurricane na Spitfire, zilipambana na Stuka hizo, lakini mara nyingi zilifika zimechelewa. Rada ya Waingereza iliona adui akijikusanya juu ya Ufaransa, ila kutoka huko hadi kwenye meli ni dakika chache mno. Tena marubani wa Uingereza waliruka watatu watatu, wamebanana, kila mmoja akichunga bawa la mwenzake badala ya kuchunga anga. Wajerumani waliruka wawiliwawili, wameachana, na mara nyingi waliwashtukiza Waingereza kutoka upande wa jua.

Kinachouma zaidi ni marubani walioanguka majini. Wajerumani walikuwa na mitumbwi ya mpira, rangi ya kutia majini ili waonekane, na ndege za kuwaokoa. Mwingereza alikuwa na fulana ya kuelea, akategemea boti ya kupita. Marubani walionusurika risasi wakafa kwa maji.

Kuanzia Agosti 12 mashambulizi yakageukia vituo vya rada na viwanja vya ndege, na hapo ndipo wasimuliaji wengi wa vita hivyo vya angani huanzia. Naona si haki. Mabaharia wa meli zile walikuwa raia, na hata baada ya Peewit misafara ya makaa iliendelea kupita njia ileile.