Jua la Colorado juu ya paa la Sagalla: historia fupi ya programu za kuchora nyumba

Leo tuache kidogo mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumzie kitu unachoweza kukigusa kwa mkono: nyumba. Hasa nyumba zinazochorwa kwa kompyuta hapa Voi na kujengwa Ikanga, Mwatate au kule juu Sagalla. Siku hizi kijana mwenye laptop na programu ya bure anaweza kukutolea ramani yenye picha za kuvutia kwa siku mbili. Ni jambo zuri. Lakini je, programu hizi zilitoka wapi, na zilikuja zimebeba nini mfukoni?

Nauliza kama mtu wa programu. Katika kazi yetu kuna kitu kinaitwa chaguo-msingi, yaani jibu ambalo programu imeshajijibia kabla wewe hujaulizwa. Jibu hilo huwekwa na mtu aliyekaa mahali fulani, chini ya jua fulani, akipima kwa vipimo vya kwao. Kwenye skrini halina madhara, unabonyeza unabadilisha. Likishageuka mawe na simiti, hakuna kitufe cha kutengua.

Reli ilitangulia

Kompyuta haikuwa ya kwanza kutuletea nyumba iliyochorwa mbali. Zamani mwenye kujenga Sagalla alisimama palepale mlimani. Alijenga duara kwa miti na nyasi, akapima kwa hatua na mkono wake, na mteremko na upepo aliviona kwa macho. Mchoro na mahali vilikuwa kitu kimoja.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, mwanzoni mwa 1898 ilikuwa imeshapita Voi na kufika Tsavo, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria. Pamoja na vyuma ilileta tabia mpya: mchoro mmoja unaorudiwa. Nyumba za wafanyakazi zilichorwa ofisini kwa futi na inchi, kila daraja la mfanyakazi na nyumba yake, zikajengwa kituo baada ya kituo. Pwani kwenye unyevu au bara kwenye baridi, karatasi ilikuwa ileile.

Sheria za ujenzi nazo zilifuata njia hiyo. Kanuni za mwaka 1968, zilizotumiwa na mabaraza ya miji ya Kenya kwa miaka mingi, zilikuwa na asili ya Uingereza. Mwaka 1995 zililegezwa ili vifaa vya kienyeji vipate nafasi katika nyumba za gharama nafuu, na mwaka 2024 ikatolewa kanuni mpya ya taifa.

Lakini Voi yetu pia ina mfano wa kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa wa Tanzania-Bondeni uliboreshwa kupitia mradi wa miji midogo ulioungwa mkono na shirika la Ujerumani la GTZ. Wakazi walishirikishwa kuamua, wakachagua ardhi imilikiwe na jamii kwa pamoja huku kila mtu akimiliki nyumba yake. Mpango huo hutajwa kama wa kwanza wa aina yake Kenya. Somo lake kwa mchoraji ni rahisi: walianza na watu na mahali, karatasi ikaja baadaye.

1963 na 1982: kalamu ya mwanga na inchi

Mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, 1963, mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, aitwaye Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Alichora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Kompyuta yenyewe, TX-2, ilijaza chumba.

Ilibidi kungoja karibu miaka 20 ili uchoraji huo uingie kwenye kompyuta ya mezani. Novemba 1982, John Walker na wenzake wa Autodesk walionyesha AutoCAD huko Las Vegas, na Desemba ikaanza kuuzwa. Ilibeba ubao wa kuchorea, rula na kifutio ndani ya mashine moja. Hadi leo faili za aina yake ndizo lugha ya ofisi nyingi za wachoraji.

AutoCAD ni ya Marekani, na Marekani ni nchi ya inchi. Programu hiyo ina violezo viwili vya kuanzia, kimoja cha inchi na kingine cha milimita, na haikuulizi kwa upole. Ukichora kwa milimita halafu faili ikasomwa kama inchi, kila kitu kinakua mara 25.4. Nyumba ya mita 12 inapata urefu wa mita 304.8, karibu viwanja vitatu vya mpira! Hilo utaliona mara moja na kucheka. Hatari iko kwenye makosa madogo.

Kwetu vipimo vitatu vinaishi nyumba moja. Fundi anasema chumba ni "kumi kwa kumi", yaani futi. Muuza ploti anasema "hamsini kwa mia", futi tena. Hati ya ardhi inasema hekta, na ramani ya kuidhinishwa inaandikwa kwa milimita. Kumi kwa kumi ni milimita 3,048 kila upande, si 3,000. Vyumba vinne mfululizo ukivikata hivyo, umepoteza karibu sentimita 20, na mlango wa mwisho ndio utakaolia. Hamsini kwa mia ni mita 15.24 kwa 30.48, kama hekta 0.046.

Dokezo la kwanza basi: weka vipimo kabla ya mstari wa kwanza. Chora kwa milimita, na kwenye nakala ya fundi andika futi pembeni. Fundi asome lugha yake, ofisi ya kaunti isome yake.

2000: jua la Boulder

Agosti 2000 kampuni ndogo ya mji wa Boulder, jimbo la Colorado, ilitoa SketchUp. Wazo lilikuwa zuri ajabu: chora umbo, livute juu kwa kipanya, tayari una ukuta. Google iliinunua mwaka 2006 na kutoa toleo la bure, kisha mwaka 2012 ikaiuza kwa Trimble. Toleo la bure la leo hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo linahitaji intaneti.

SketchUp inaweza kukuonyesha kivuli cha nyumba saa yoyote, siku yoyote. Lakini kivuli cha wapi? Kwa miaka mingi, usipoitajia mahali, ilidhani uko Boulder. Boulder iko digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana jua la huko liko kusini mwaka mzima, na mwezi Desemba linashuka hadi digrii 26 hivi juu ya upeo wa macho. Mchoraji wa kule anafungua madirisha makubwa upande wa kusini, akusanye joto la baridi kali.

Voi iko kama digrii 3.4 kusini mwa ikweta. Jua letu la mchana hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba. Kati ya siku hizo mbili liko kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Hata Juni, likiwa mbali kabisa upande wa kaskazini, liko kama digrii 63 juu. Upenu wa sentimita 60 unatosha kutupa kivuli cha mita 1.2 ukutani saa hiyo. Dirisha la kawaida limepona.

Adui yetu ni magharibi. Saa kumi na nusu jioni jua liko digrii 30 hivi, na upenu uleule unatoa kivuli cha sentimita 35 tu. Ukuta unameza moto mpaka jua litue, halafu unawarudishia waliolala. Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa zaidi.

Dokezo la pili: andika latitudo -3.4, longitudo 38.6 na saa za kanda ya +3. Hakikisha kaskazini ya mchoro ni kaskazini ya ploti. Kisha angalia kivuli cha Machi, Juni na Desemba, asubuhi, mchana na jioni. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi au baraza pana. Usiweke chumba cha mtoto.

Nyumba tamu ya bure

Mfaransa Emmanuel Puybaret alianza kuandika Sweet Home 3D mwaka 2005. Ni programu huria, haidai leseni ya pesa, na ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kwa mchoraji anayeanza Sagalla, hapa ndipo pa kuanzia. Dira yake hukisia mahali ulipo kutokana na saa ya kompyuta yako, kwa hiyo bofya dira hiyo uisahihishe.

Ila tazama mambo mawili. Kuta zake za kuanzia ni nyembamba kuliko mawe yetu ya inchi sita. Usipozibadilisha, kila chumba kitaonekana kikubwa kuliko kitakavyokuwa. Na ardhi yake ni tambarare kama meza. Sagalla ni mlima! Nyumba ya mita 10 kwenye mteremko unaoshuka mita 1 inataka msingi uliopanda mita nzima upande wa chini, na mawe hayo yote ni pesa ambayo haionekani kwenye picha.

Dokezo la tatu: kabla ya kompyuta, nenda na fundi na mpira unaopitisha mwanga uliojazwa maji, mpime kimo cha pembe nne za nyumba. Kisha jaribu kugawa sakafu iwe na ngazi moja au mbili katikati. Sakafu mbili zinazopishana nusu mita zinapunguza kujaza msingi, na mlima unabaki mlima.

Maji na ndovu

Dokezo la nne halimo kwenye maktaba ya programu yoyote niliyoitaja. Paa la mabati la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 10, linapokea lita 1,000. Toa hasara, weka 800. Voi hupata kama milimita 550 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo linaweza kukupa takribani lita 44,000. Chora gata, bomba na tangi siku ileile unayochora paa. Paa lenye kona nane linapendeza kwenye skrini, lakini kila bonde lake ni mahali pa kuvuja.

Na ukiwa Sagalla ya chini, karibu na Tsavo Mashariki, chora ploti yote, si nyumba pekee. Ndovu huvutwa na maji. Huko wakulima wamezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kila baada ya mita 10, kwa sababu ndovu huogopa nyuki. Mizinga hiyo inataka nafasi mbali na mlango, njia ya watoto na zizi la mbuzi. Iweke kwenye ramani mapema.

Sisemi programu ni mbaya. Naziandika, nazila. Ila mtu wa kwetu hujenga mara moja maishani, kwa akiba ya miaka au kiinua mgongo chote. Anastahili ramani iliyobadilishwa vipimo, jua, mteremko na maji kabla haijapambwa kochi na televisheni. Ikishakuwa hivyo, ipelekwe kwa msanifu majengo aliyesajiliwa na ofisi ya kaunti, ndipo fundi ashike jembe.

Haya, fungua programu yako, nenda kwenye mipangilio, uitoe Colorado uilete Voi. Tukutane makala ijayo.