Sauti Zilizowekwa Akiba

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lisemwalo juu ya mali laweza kusemwa pia juu ya maneno. Mshairi akifa, mashairi yake yaliyopigwa chapa hubaki. Lakini jinsi alivyojibu alipoulizwa, mahali aliposita, na neno lililomchekesha, hayo huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo vyombo vya kunasa sauti vilipoenea, wenye kuandika historia walipata shahidi mpya. Shahidi huyu ana manufaa makubwa, lakini kama mashahidi wote hana budi kuulizwa maswali.

Na tutazame mfano mmoja uliotokea jirani na kwetu. Mwezi wa Juni 1962, miezi minne kabla ya Uganda kupata uhuru wake, waandishi wa Kiafrika walikusanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala. Kutoka Nigeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo. Walikuwapo pia Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, wana wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi uhamishoni. Miongoni mwa vijana wa chuo hicho alikuwapo mwanafunzi Mkenya aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kijana huyo alimpa Achebe muswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika ili ausome. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilipigwa chapa mwaka 1964.

Mwaka ule ule wa 1962 kilianzishwa mjini London kituo kilichoitwa Transcription Centre, chini ya uongozi wa Dennis Duerden. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na waandishi na wasanii wa Kiafrika mbele ya mikrofoni, kisha kuzipeleka kanda za mazungumzo hayo kwa vituo vya redio vya Afrika. Nkosi alikuwa mmoja wa waulizaji, na Ngũgĩ alikuwa miongoni mwa walioulizwa. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1977, lakini sehemu ya mazungumzo yake ilikuwa imekwisha kutiwa katika kitabu kiitwacho African Writers Talking, kilichotoka mwaka 1972.

Faida ya kazi hii yaonekana wazi tukimkumbuka Okigbo. Mshairi huyo aliuawa mwaka 1967 katika vita vya Biafra, na diwani yake kubwa, Labyrinths, ilitoka mwaka 1971, naye hayupo. Leo hapana awezaye kumwuliza neno. Hata hivyo, katika mazungumzo aliyofanya alipokuwa hai, alieleza kwamba alipotunga Heavensgate alikuwa amevutwa mno na muziki wa Debussy na Ravel wa Ufaransa. Msomaji angeweza kuyasoma mashairi hayo miaka mingi asilijue jambo hilo.

Lakini tulisema kwamba shahidi huulizwa. Swali la kwanza ni hili: amesema kwa lugha gani, na ni nani asiyesikika? Mkutano wa Makerere uliitishwa kwa ajili ya Waafrika waandikao Kiingereza. Mwezi huo huo wa Juni 1962 alifariki Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, mtungaji wa Kusadikika na wa mashairi mengi yapendwayo hata leo. Mwanafunzi aliyekuwa amechapisha hadithi fupi mbili tu za Kiingereza alistahili kukaribishwa. Bingwa wa Kiswahili hakustahili. Ngũgĩ, ambaye ndiye aliyekuwa mwanafunzi huyo, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Bahati njema ni kwamba Shaaban Robert alikuwa ameandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe.

Swali la pili: gharama zililipwa na nani? Mkutano ule na kituo kile cha London vilisaidiwa na chama kilichoitwa Congress for Cultural Freedom. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba chama hicho kilikuwa kikipokea fedha za siri kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Haifai kuamua kwa sababu hiyo kwamba waandishi walinunuliwa, kwani fedha zile zilifichwa hata kwao. Lakini mwanahistoria mwaminifu hula karamu akijua ni nani aliyeiandaa.

Swali la tatu: maneno yamepita mikono mingapi? Muulizaji huchagua swali, mwenye kanda huchagua kipande, na mhariri huondoa kicheko na kimya, kwa kuwa karatasi haina sauti. Ikiwezekana, kanda na isikilizwe kabla ya kuamini kitabu.

Miongoni mwa waliozungumza katika kitabu kile cha 1972 yumo Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana. Yeye hakuridhika kuulizwa tu. Aliwaendea washairi wazee wa kabila lake la Waewe, waliotunga kwa mdomo katika lugha yao, akayakusanya maneno yao katika kitabu Guardians of the Sacred Word, kilichotoka mwaka 1974. Hivyo alilijibu kwa vitendo lile swali letu la kwanza.

Mwezi wa Septemba 2013 Awoonor alikuja Nairobi kwa tamasha la vitabu la Storymoja Hay, ambako waandishi walikuwa wakizungumza na wasomaji wao uso kwa uso. Tarehe 21 ya mwezi huo aliuawa katika shambulio la Westgate, akiwa na umri wa miaka 78. Waliokuja kumsikiliza walimkosa. Lakini maneno yake ya zamani yapo, na pamoja nayo yapo ya wazee wale aliowatafuta kabla kifo hakijawatangulia.

Basi, enyi vijana, sauti haijiweki akiba yenyewe. Huwekwa na mtu aliyeona kwamba yafaa kuwekwa, na isiyowekwa hupotea. Katika vijiji na mitaa yenu wamo watungaji ambao hapana mkutano uliopata kuwaalika. Waendeeni wangali hai, mwaombe idhini, mwaulize kwa lugha yao, na mwandike tarehe, mahali na jina la muulizaji. Atakayesikiliza baada ya miaka hamsini atawahoji ninyi pia.