Vanila haingoji mtu

Hapa Kolwezi tunajua shaba na kobalti. Jamaa waliokimbia Beni wanajua vanila. Asili yake ni Meksiko, na mmea ulipopelekwa mbali ulichanua bila kuzaa. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12, alipitisha unga wa ua kwa kijiti na kidole gumba, tunda likashika. Mpaka leo kazi ni hiyo hiyo, ua kwa ua, maana kila moja hufunguka siku moja tu. Kisha tunda hukaa miezi kama tisa. Kwa hiyo tangu mauaji ya Beni ya 2014, anayekimbia wakati wa maua hupoteza mwaka mzima, na anayekimbia karibu na mavuno huwaachia wezi matunda. Mihogo, angalau, ingemsubiri ardhini.