Kulinganisha mapigo

Kulinganisha mapigo ni mbinu ya DJ ya kurekebisha kasi ya wimbo unaofuata ili mapigo yake yaende sawa na ya wimbo unaosikika, na wachezaji wasisimame kati ya nyimbo hizo mbili. Kasi hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika.

Historia

Francis Grasso, DJ wa klabu ya Sanctuary mjini New York, Marekani, hutajwa kati ya waanzilishi wa mbinu hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 ilitolewa mashine ya santuri Technics SL-1200MK2, yenye kitelezi cha kubadilisha kasi hadi asilimia 8 juu au chini. Hivyo wimbo wa mapigo 120 huweza kufikishwa karibu 130. Hata hivyo, kwenye santuri ongezeko la asilimia 6 hivi hupandisha sauti kwa nusu toni.

Kubadili kasi

Tofauti ikiwa kubwa, DJ hupandisha kasi kidogo kidogo, wimbo baada ya wimbo. Pia hutumia uwiano wa nusu: wimbo wa mapigo 100 hupatana na singeli ya Dar es Salaam yenye mapigo 200.

Mazoezi

Mwanafunzi husikiliza wimbo unaofuata kwa sikio moja kwenye hedifoni, na jingine huliacha kwa spika. Programu za kompyuta hulinganisha zenyewe, lakini huweza kukosea katika rekodi za zamani za muziki wa dansi, ambazo kasi yake hupanda na kushuka pamoja na wapigaji. Hapo DJ hutegemea masikio yake.