Kushi: Dola Iliyoacha Maandishi Pasipo Wasomaji

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi, na aghalabu tumeieleza kwa mfano wa duka na mwenye duka. Lakini historia yatuonyesha jambo ambalo methali haikulitaja: yawezekana daftari likabaki zima, na habari zake zikapotea hata hivyo. Ndivyo ilivyoipata dola ya Kushi.

Nchi hiyo si ngeni kwetu sisi tukaao kwenye chanzo cha Nile. Maji yatokayo Jinja husafiri kuelekea kaskazini, hupita Juba na Khartoum, kisha huingia katika nchi ambayo zamani iliitwa Kushi na leo ni sehemu ya Sudani. Hapo palisimama dola iliyodumu zaidi ya miaka 1,000. Yafaa walimu wa lugha waijue, kwa kuwa mwisho wake wahusu kazi yetu.

Kuinuka kwa Dola

Hata kabla ya dola hiyo, watu wa sehemu zile walikuwa na mji mkubwa uitwao Kerma, wenye ngome na wafinyanzi hodari. Kiasi cha mwaka 1500 K.K. Wamisri waliushinda, wakaitawala nchi kwa muda wa karne nne hivi. Katika muda huo wakuu wa Kushi walijifunza dini ya watawala wao, lugha yao na hati yao. Utawala wa Misri ulipodhoofika, ukoo wa wenyeji ulishika madaraka huko Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal, ambako mungu Amun aliabudiwa.

Kutoka Napata, mfalme Piye aliongoza jeshi kwenda kaskazini kiasi cha mwaka 728 K.K., akauteka mji wa Memphis. Habari za vita hivyo zimechongwa juu ya jiwe lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862. Mna humo habari moja isiyosahaulika: Piye alipoingia katika zizi la mfalme mmoja aliyemshinda, akawakuta farasi wamekondeshwa kwa njaa wakati wa mazingiwa, alikasirika kuliko alivyokasirishwa na makosa mengine yote ya mtu yule. Twaweza kumwona mfalme huyo kana kwamba alikuwa jirani yetu. Lakini twamwona kwa sababu jiwe lake liliandikwa kwa Kimisri, lugha ambayo wataalamu wa leo waielewa.

Mfalme Shabaka, aliyetawala baadaye, naye aliacha jiwe lake. Jiwe hilo lasema kwamba mfalme aliona maandishi ya kale yaliyoliwa na wadudu, akaamuru yanakiliwe yasipotee. Maandishi yenyewe yalikuwa ya Misri. Mfalme wa Kushi alitaka ajulikane kuwa mwokozi wa urithi wa maandishi wa jirani yake. Msomaji na alikumbuke jambo hili tutakapofika mwisho.

Kutoka Napata hadi Meroe

Utawala wa Kushi juu ya Misri haukudumu hata miaka 100. Waashuri waliuteka Memphis mwaka 671 K.K., wakati wa mfalme Taharqa, na mwaka 663 K.K. waliupora mji wa Thebes. Wakushi walirudi kwao. Mwaka 593 K.K. jeshi la Misri liliwafuata hata huko. Baadaye kiti cha nguvu kilihamia kusini, mjini Meroe, umbali wa kilomita 200 hivi kutoka Khartoum ya leo.

Wengine wangeyaita haya kuanguka, lakini kwa hakika yalikuwa kuinuka kwa mara ya pili. Meroe ilikuwa na mvua ya kutosha mtama na malisho ya ng'ombe. Ilikuwa na mawe ya chuma, na miti ya kuchoma makaa ya matanuri. Vilima vya mavi ya chuma vyaonekana hapo hata leo. Wafalme na malkia walizikwa chini ya piramidi nyembamba zenye miteremko mikali, nazo hapo Meroe zapita 200. Pamoja na Amun, waliabudu mungu wao wenyewe, Apedemak, mwenye kichwa cha simba.

Roma ilipoitwaa Misri, Kushi haikuinama. Vita vilizuka mwaka 25 K.K., na upande wa Kushi alikuwako malkia mwenye cheo cha Kandake. Warumi walifika hadi Napata, lakini katika mapatano ya mwaka 21 au 20 K.K. kodi waliyokuwa wakiidai iliondolewa. Mwaka 1910 wachimbuaji walikuta Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto. Kilikuwa kimezikwa chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila aingiaye amkanyage.

Kwetu sisi, tendo kubwa kuliko hayo yote ni jingine. Kufika karne ya 2 K.K., Wakushi walikuwa wameanza kuiandika lugha yao wenyewe. Waliunda alama 23, katika mtindo wa mapambo kwa mahekalu na mtindo wa mkono kwa shughuli za kila siku, wakatenga maneno kwa nukta. Watu waliokuwa wameandika kwa lugha ya kigeni karne nyingi sasa walijiandika wenyewe.

Kuanguka

Hakuna refu lisilo na ncha. Meroe haikuuawa kwa pigo moja. Biashara ilianza kuihama. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 B.K., ambacho pia chaeleza pwani yetu hadi bandari ya Rhapta, chasema kwamba pembe za ndovu kutoka ng'ambo ya Nile zilipelekwa Aksum, kisha zikashuka hadi bandari ya Adulis, katika Bahari ya Shamu. Aksum ilinenepa. Tena watu wa Noba waliingia katika nchi, wakaishika baadhi ya miji. Kiasi cha mwaka 350 B.K. mfalme Ezana wa Aksum alileta majeshi yake, na maandishi yake mwenyewe yajivunia miji iliyochomwa. Zama hizo ndipo ujenzi wa piramidi za kifalme ulipokoma.

Hati iliishi kidogo baada ya dola. Maandishi ya mwisho ya kifalme yajulikanayo, ya mtawala Kharamadoye, ni ya karne ya 5. Baadaye zilisimama falme za Kikristo za Kinubi, zilizoandika lugha yao kwa herufi za Kiyunani na Kikopti, pamoja na chache zilizorithiwa kutoka Meroe. (Wasomaji wasidhani kuwa hao ndio Wanubi wa Bombo, ambao Kinubi chao kimetokana na Kiarabu.) Herufi chache zilirithiwa, lugha yenyewe haikupata mrithi wa kuisema.

Sauti Bila Maana

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifaulu kuzitambua sauti za alama zile. Ufunguo mmoja ulikuwa majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore, yaliyoandikwa kwa hati zote mbili, ya Misri na ya Meroe, juu ya kitako kimoja cha hekaluni. Tangu hapo maandishi yapatayo zaidi ya 1,000 yaweza kusomwa kwa sauti. Lakini maana? Twajua kuwa *ato* ni maji na *at* ni mkate, kwa sababu makaburini waliwaombea wafu wapewe maji na mkate. Twajua *qore* ni mfalme. Maneno yaliyothibitishwa hayajawa mengi, ingawa wataalamu wanaendelea kuyalinganisha na lugha za jamaa yake, Kinubi kikiwa mojawapo.

Basi Piye, aliyeandika kwa lugha ya watu, twamsikia akikasirika. Wajukuu zake, walioandika kwa lugha yao, twawasikia wakitamka tu. Shabaka alijisifu kwa kuyaokoa maandishi ya Misri. Maandishi ya Kushi yalipohitaji mwokozi, hakuwapo.

Wakushi hawakukosea kuandika lugha yao. Bila uamuzi huo tusingejua hata neno lao la maji. Lakini kalamu peke yake haikutosha. Jiwe hutunza alama. Maana hutunzwa vinywani, na hupita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mnyororo huo ukikatika kwa vizazi vichache, lugha haihitaji kupigwa marufuku ili ife.

Sisi tuna kamusi, tuna magazeti, tuna tenzi za kale. Ni daftari nzuri. Lakini mtoto aulizaye darasani, "Mwalimu, neno hili maana yake nini?" ndiye aliyekosekana Meroe. Tusichoke kumjibu.