Boda Boda ya Kwanza Haikuwa na Injini

Muulize kijana wa Kayole boda boda ni nini, atakuonyesha pikipiki. Muulize mzee wa Busia swali hilo hilo, ataanza na baiskeli: Black Mamba nyeusi, nzito kama deni, keria ya nyuma imefungwa sponji ili abiria asiumie.

Jina lenyewe limetoka huko. Busia ni mji uliokatwa na mpaka, nusu Kenya, nusu Uganda. Ukishuka kwenye gari upande mmoja ulikuwa na mwendo wa kutembea na mizigo yako mpaka kituo cha upande wa pili, na hapo katikati vijana wa baiskeli walikungoja wakiita "boda! boda!" Yaani nikutoe boda hii nikufikishe boda ile. Kazi hiyo ilishika miaka ya 1960 na 1970.

Iliyoipa nguvu si safari za watu peke yake. Wakati wa Idi Amin uchumi wa Uganda uliporomoka, bidhaa za dukani zikaadimika kule, na kahawa ikawa inatoroshewa huku. Halafu baridi kali ya mwaka 1975 ikaua mikahawa Brazil, bei ikapanda dunia nzima, na soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likageuza watu wa kawaida kuwa matajiri kwa msimu mmoja au miwili. Mzigo ulipita njia za panya: kichwani, mgongoni mwa punda, kwenye keria ya baiskeli. Lori lingepitia wapi?

Ndiyo maana hunishinda kuelewa msee wa Nairobi akisema baiskeli ni mambo ya watu wa Karura, wale wa kofia ngumu na suruali za kubana. Baiskeli imelisha watu Magharibi mwa nchi hii. Kutoka Busia boda boda ilienea Kakamega, Kisumu, Eldoret. Kijana aliyekosa kazi hakuhitaji petroli wala leseni ya udereva. Akikosa ya kununua, alikodi ya mtu kwa siku, na ikiharibika fundi yuko chini ya mti na pampu yake. Akina mama walikaa upande, kikapu mapajani. Huo ulikuwa usafiri wa umma, hata kama hakuna waziri aliyeuita hivyo.

Kisha ikaja 2008. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi sisi 250, na soko likapasuka. Mwaka 2007 pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 20,000. Mwaka 2009 zilipita 90,000. Jina la boda boda likaruka kutoka keria moja hadi nyingine, na baiskeli ikaachiwa mkate, maziwa na mitungi ya maji.

Siwalaumu waliobadilisha. Jaribu kumpandisha mama mwenye uchungu wa kuzaa mlima wa Vihiga kwa baiskeli, halafu uje tuongee. Lakini tusidanganyane kwamba Wakenya waliacha baiskeli kwa sababu ya uvivu au ya kupenda maringo. Uamuzi ulikuwa ndani ya bajeti. Wodi za mifupa nazo zimekuwa zikipokea majeruhi wa pikipiki tangu hapo.

Sasa Nairobi. Hapa zaidi ya thuluthi moja ya safari za watu hufanywa kwa miguu. Simama Enterprise Road saa kumi na mbili asubuhi uone Mukuru ikimiminika kwenda Industrial Area. Hao tunasema wamekosa fare, basi. Hatusemi ni wasafiri. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ikisema asilimia 20 ya pesa za usafiri ziende kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Mwaka 2022 tukafunguliwa Expressway, kilomita 27, ambayo mtembeaji na baiskeli haviruhusiwi hata kugusa. (Na boda boda pia, kama ulikuwa unauliza.)

Inawezekana kufanya vingine. Kisumu, kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, ilichimbua katikati ya mji na kuweka njia pana za miguu, na mtu akatembea mjini bila kuruka mtaro. Hakuna miujiza iliyotumika pale, ni saruji na matofali.

Wale wa Mukuru bado wanapanga mstari pembeni mwa lami, kiatu kizuri kwenye mfuko wa plastiki, kiatu cha tope mguuni, wakipisha pikipiki zilizopanda juu ya njia yao kukwepa jam.