Ngome ya Azuchi na Mawe ya Wenyewe

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Qur'ani, mahali pengi, tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tukisikia hayo hukumbuka Adi, Thamudi na Firauni tu. Lakini ardhi ya Mungu ni pana, na mazingatio yamo kila upande. Twende basi mpaka Japani, kwenye kilima cha Azuchi, kando ya ziwa kubwa liitwalo Biwa, si mbali na mji wa Kyoto.

Mwaka 1576 bwana mmoja wa vita, Oda Nobunaga, alianza kujenga ngome juu ya kilima hicho. Zama hizo Japani ilikuwa imegawanyika, kila bwana na jeshi lake, na yeye alikuwa akiwashinda wenziwe mmoja baada ya mmoja. Alikuwa hodari na mwenye akili, wala si haki kumnyima sifa hiyo; wafanya biashara wa mji wake aliwaondolea ushuru wa soko. Lakini moyo wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1571 aliuzingira mlima Hiei, penye mahekalu ya dini ya Budha, akayatia moto na kuua watu wengi, wanawake na watoto wakiwamo.

Mnara wa ngome ulimalizika mwaka 1579. Ulikuwa na ghorofa 7, ya juu kabisa imepambwa kwa dhahabu. Katika kilima hichohicho akajenga na hekalu. Padri wa Kireno aitwaye Luís Fróis, aliyekuwako Japani wakati huo, ameandika kwamba Nobunaga alitaka watu waje hapo wamwabudu yeye. Hii ni khabari ya mtu mmoja, na wanataarikhi wengine wanaitilia shaka. Basi tunaisimulia kama ilivyo, bila ya kukata shauri.

Lakini liko jambo lisilohitaji mpokezi, kwani linaonekana kwa macho. Ukijaliwa kufika huko leo, utapanda ngazi ya mawe iliyonyooka kuelekea juu. Tazama unapokanyaga. Miongoni mwa vipandio mna masanamu ya Budha, na katika ujenzi wa ngome yalitiwa hata mawe ya makaburi. Jiwe lililosimamishwa na mtoto juu ya kaburi la babake likafanywa la kukanyagwa na askari.

Sisi Waislamu hatuna haja na masanamu. Ama kaburi, hilo lina heshima yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kukalia makaburi. Na lilipopitishwa jeneza la Myahudi alisimama. Alipoambiwa ni Myahudi, akawakumbusha kuwa naye ni nafsi.

Sasa tazama mwisho. Mwezi wa Juni 1582 Nobunaga alilala Kyoto katika hekalu la Honnō-ji, pamoja na watu wachache. Jemadari wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, akamzunguka kwa jeshi alfajiri. Nobunaga akajiua, hekalu likateketea, na maiti yake haikuonekana. Miongoni mwa watumishi wake alikuwamo Mwafrika aliyepewa jina la Yasuke, aliyefika na mapadri, na imeandikwa kwamba asili yake ni Msumbiji. Huyu mgeni asiye na ngome wala mnara alipigana, akatekwa, akaachwa hai. Mitsuhide naye hakutimiza wiki mbili, akauawa. Na siku zizo hizo mnara wa Azuchi ukaungua. Ni nani aliyeutia moto, wamekhitilafiana.

Miaka 3 tu! Hata picha ya ngome hiyo, aliyopelekewa Papa wa Roma mwaka 1585, imepotea. Juu ya kilima yamebaki mawe ya msingi, kuta na ngazi, na miti imeota kati yao. Dhahabu yake imekwenda. Mawe ya wenyewe yapo yanamshuhudia.

Msomaji, usiseme hayo ni ya Wajapani. Miji yetu ya pwani imejaa makaburi ya kale, viwanja vya wakfu na mali za mayatima. Mtu huinua nyumba ya ghorofa akasifiwa, na msingi wake umeingia makaburini hatua mbili. Au hukaa katika nyumba ya wakfu mpaka wanawe wakadhani ni urithi wao. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayechukua ardhi ya mtu kwa dhulma, japo shibiri moja, Siku ya Kiyama atavikwa shingoni ardhi saba.

Basi kabla ya kuchimba msingi, jiulize: ardhi hii ya nani, na jiwe hili limetoka wapi? Waulize wazee, itazame hati ya wakfu, nenda kwa Kadhi. Na ikiwa mkononi mwako kimo cha mwenyewe, kirudishe ungali hai. Usiwaachie wanao mzigo huo wakidhani ni nyumba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujenga kwa halali, na atupe nyumba njema zaidi huko tuendako. Amin.